Askofu Aliyepanda Mbegu

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaacha uwakili na kuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Alipofika Zanzibar mwaka 1864, wanadamu walikuwa bado wanauzwa sokoni. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akaandika sarufi yake, akaanza kutafsiri Maandiko. Vijana waliookolewa kutoka utumwani walifundishwa kupiga chapa vitabu hapo hapo misheni.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Mwaka uliofuata Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu juu ya uwanja ule ule wa machozi. Alifariki Zanzibar mwaka 1882. Agano Jipya alikuwa amelitafsiri, lakini Biblia nzima hakuiona. Wengine waliikamilisha kazi.

Soma Matendo 2:5–11 na 1 Wakorintho 3:6–9. Je, jirani yako anaisikia injili kwa lugha anayoielewa? Je, uko tayari kupanda leo, hata kama mavuno yatakusanywa na mwingine?