Denis Burkitt, Mpasuaji Aliyeweka Kisu Chini

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini alisomea upasuaji na kuja kutumikia Uganda. Hakuwa Mkatoliki, ila alikuwa Mkristo mcha Mungu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, meno yamelegea. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine Jinja. Upasuaji haukuwaponya. Burkitt akaanza kuuliza kulikoni. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba saratani hiyo hupenda nchi za joto na mvua; kwenye miinuko yenye baridi, kama hapa Nyololo, ni nadra. Baadaye dawa ziliwaponya watoto ambao kisu kilishindwa.

Alifariki mwaka 1993. Sisi tunaosoma falsafa tunajifunza kwake kwamba anayekubali mpaka wa ujuzi wake ndiye huukaribia ukweli.

Nanyi wazazi, mtoto akivimba taya na meno yakalegea, msiishie kung'oa jino. Mpelekeni hospitali, kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe. Wanaowahi matibabu, wengi hupona.