Sarabhai aliandaa watu kwanza, roketi ikafuata

Chombo cha India kilipotua mwezini tarehe 23 Agosti, 2023, karibu na ncha ya kusini, wanafunzi wengi walilisikia jina la Vikram kwa mara ya kwanza. Wachache walifahamu kwamba chombo hicho kilipewa jina la mtu, tena mtu aliyekuwa amefariki zaidi ya nusu karne kabla ya siku hiyo, wakati nchi yake haikuwa na hata setilaiti moja.

Vikram Sarabhai alizaliwa tarehe 12 Agosti, 1919, mjini Ahmedabad, magharibi mwa India. Baba yake alikuwa tajiri mwenye viwanda vya nguo. Mama yake alianzisha shule nyumbani mwao ili watoto wafunzwe kwa kutenda, si kwa kukariri. Mahatma Gandhi na mshairi Rabindranath Tagore walikuwa wageni wa nyumba hiyo. Kijana aliyelelewa hivyo angeweza kula urithi wake kwa raha, na hakuna ambaye angemlaumu.

Yeye alichagua fizikia. Alihitimu Cambridge mwaka wa 1940, kisha Vita Vikuu vya Pili vikamrudisha nyumbani, akafanya utafiti mjini Bangalore chini ya C. V. Raman, mshindi wa Tuzo ya Nobel. Alichunguza miali ya kosmiki, yaani chembechembe zinazotoka mbali angani na kuinyeshea dunia usiku na mchana. Vita vilipokwisha alirejea Cambridge, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1947. India ilikuwa inajitwalia uhuru mwaka huo huo, na mnamo Novemba, akiwa na umri wa miaka 28, Sarabhai alifungua maabara ya utafiti wa fizikia mjini Ahmedabad. Mwaka huo pia alisaidia kuanzisha chama cha utafiti wa viwanda vya nguo, na baadaye, mwaka wa 1961, taasisi ya kufundisha usimamizi. Tarehe hizi zafaa kuzingatiwa. Maabara ilitangulia roketi ya kwanza kwa miaka 16, na katika muda huo vijana walikuwa wanasoma, wanapima na kukosolewa.

Mwaka wa 1962 serikali iliunda kamati ya utafiti wa anga, Sarabhai akiwa mwenyekiti. Mahali palipochaguliwa pa kurushia roketi ni Thumba, kijiji cha wavuvi kusini kabisa mwa India. Sababu ilikuwa ya kisayansi. Thumba ipo karibu na ikweta ya sumaku, mstari ambapo sindano ya sumaku iliyoachwa huru hulala sawasawa bila kuinama. Juu ya mstari huo, kiasi cha kilomita 100 kutoka ardhini, hupita mkondo wa umeme ambao puto haliwezi kuufikia, na ambao setilaiti hupita juu yake. Ni roketi ndogo tu iwezayo kuupima kutoka ndani.

Palikuwa na kanisa hapo, la Mtakatifu Maria Magdalena, na nyumba ya askofu. Askofu na waumini wake walikubali kuviachia. Kanisa likawa karakana, nyumba ya askofu ikawa ofisi, na baadhi ya vipuri vya roketi vilisafirishwa kwa baiskeli. Wavuvi nao walihama. Simulizi za ushindi huwataja kwa sentensi moja tu, ilhali wao ndio waliotoa ardhi.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 21 Novemba, 1963. Ilitoka Marekani, na sodiamu iliyobebwa ili kutia rangi angani ilitoka Ufaransa. Basi India ilichangia nini? Ilichangia watu. Kabla ya roketi kufika, wahandisi wachache walikuwa wamepelekwa Marekani kujifunza namna ya kuiunganisha na kuirusha, miongoni mwao A. P. J. Abdul Kalam, aliyekuja kuwa Rais wa nchi. Miaka minne baadaye, Novemba 1967, Thumba ilirusha roketi ndogo iliyotengenezwa na Wahindi wenyewe.

Msomaji wa Kenya hana budi kukumbuka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Sisi pia tulijaliwa ikweta. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco mwaka wa 1967, na tarehe 12 Desemba, 1970, ikaruka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Lakini setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa Italia na Japani, ilifika angani mwaka wa 2018, na Taifa-1 ikafuata mwaka wa 2023. Kumlaumu mtu yeyote kwa pengo hilo si haki. Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kilipata hadhi kamili mwaka ule ule wa 1970. Hata hivyo, jiografia ilikuwa karibu sawa, na maandalizi hayakuwa sawa.

Mwaka wa 1966 Homi Bhabha, kiongozi wa nishati ya atomiki ya India, alifariki katika ajali ya ndege huko Ulaya, na Sarabhai akabebeshwa pia kazi zake. Uchina ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza mwaka wa 1964, na wengi walitaka India ijibu. Sarabhai hakuvutiwa, kwake, taifa lenye njaa halikingwi na bomu. Hakufuatwa daima. India ililipua kifaa chake mwaka wa 1974, na teknolojia ya roketi zake za anga ikatumika baadaye katika kombora la Agni, lililojaribiwa mwaka wa 1989. Kazi ya anga yenyewe imebaki chini ya idara ya kiraia.

Shirika la anga la India, ISRO, liliundwa Agosti 1969. Walikuwako walioona kuwa nchi maskini inacheza michezo ya matajiri. Jibu la Sarabhai lilikuwa la vitendo. Picha zilizopigwa kutoka helikopta zilitumika kutambua minazi iliyougua huko Kerala. Kisha akakubaliana na Marekani kuazima setilaiti moja kwa mwaka mzima, ili vijiji visivyokuwa na barabara wala umeme wa kutegemewa vipate runinga ya kilimo, afya na masomo.

Hakuiona. Alifariki usingizini tarehe 30 Desemba, 1971, katika hoteli ya Kovalam, si mbali na Thumba, alikokuwa amekwenda kikazi. Alikuwa na umri wa miaka 52. Setilaiti ya kwanza ya India, Aryabhata, ilirushwa na Wasovieti mwaka wa 1975, na mwaka wa 1980 India ikarusha nyingine kwa roketi yake yenyewe.

Ile ya kuazimwa ilianza kazi tarehe 1 Agosti, 1975, ikafikia vijiji vipatavyo 2,400, na kwa njia hiyo walimu wa sayansi wapatao 50,000 wa shule za msingi walipata mafunzo. Mwaka ulipokwisha, Wamarekani waliirudisha setilaiti yao upande wa Amerika, na runinga katika vijiji vingi zikanyamaza. INSAT-1B, setilaiti ya mawasiliano iliyomilikiwa na India yenyewe, ilipaa Agosti 1983.