John Scott Haldane, Mtafiti Aliyeipima Gesi ya Sumu kwa Damu Yake Mwenyewe

Tarehe 27 Januari, 1896 mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales nchini Uingereza, na wachimbaji 57 wakapoteza maisha. Miongoni mwa waliokwenda kuchunguza vifo hivyo alikuwa Dkt. John Scott Haldane wa Chuo Kikuu cha Oxford. Wengi waliamini kuwa katika ajali za namna hiyo mtu huuawa na kishindo au moto. Haldane alikuta miili mingi isiyo na jeraha la kuua, yenye ngozi nyekundu kama ya mtu mwenye afya njema. Akabainisha kuwa wengi wao waliuawa na gesi ya kaboni monoksidi iliyotanda mgodini baada ya mlipuko. Maana ya taarifa yake ilikuwa nzito: watu hao walikuwa hai kishindo kilipokwisha, na baadhi yao wangeweza kuokolewa.

Haldane alizaliwa mwaka 1860 mjini Edinburgh, Scotland, na kuhitimu udaktari huko mwaka 1884. Wekundu ule hakuutambua kwa kubahatisha. Mwaka mmoja kabla ya ajali alikuwa amechapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akivuta gesi hiyo, kuandika dalili alizozihisi na kupima damu yake, hadi zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kubeba oksijeni ukawa umetekwa. Kufikia hapo hata kutembea kulimshinda.

Damu hubeba oksijeni kwa hemoglobini, protini iliyomo katika chembe nyekundu. Kila hemoglobini ina atomu nne za chuma, na kila atomu hushika molekuli moja ya oksijeni kwenye mapafu na kuiachia mwilini inapohitajika. Kaboni monoksidi hukalia nafasi ileile, lakini hung'ang'ania chuma hicho kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo sababu kiasi kidogo tu hewani chatosha kuua. Uchunguzi wa Haldane na wenzake, uliochapishwa mwaka 1912, ulionesha madhara zaidi: nafasi zilizobaki nazo huishikilia oksijeni kupita kiasi, hivyo damu huibeba bila kuitoa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hutokana na chochote chenye kaboni kinachoungua bila hewa ya kutosha, likiwemo jiko la mkaa lililowashwa katika chumba kilichofungwa.

Hata hivyo, mshiko huo si wa kudumu. Haldane alionesha kuwa oksijeni ikiwa nyingi hushindania chuma hicho na hatimaye kuiondoa gesi. Hadi leo aliyeathirika hupewa oksijeni hospitalini.

Kwa wachimbaji, alipendekeza waingie mgodini na mnyama mdogo. Panya au ndege mdogo hupumua haraka, hivyo hulegea mapema kuliko binadamu na kumpa mchimbaji dakika chache za kutoka. Ndege aina ya kanari ndio waliozoeleka zaidi, na waliendelea kutumika katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986, vilipowekwa vipimo vya kielektroniki.

Aidha, mwanasayansi huyo alitengeneza majedwali ya kuwapandisha wapiga mbizi kwa hatua ili wasidhurike, na mwaka 1915 alipelekwa Ufaransa kuchunguza gesi ya sumu iliyotumika vitani. Mwanawe, J.B.S. Haldane, aliyeshiriki utafiti wa mwaka 1912, naye alikuja kuwa mwanasayansi mashuhuri.

Alifariki dunia mjini Oxford mwezi Machi, 1936, muda mfupi baada ya kurejea kutoka Uajemi na Iraki, alikokwenda kuchunguza madhara ya joto kali kwa wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha mafuta.