Machozi ya James Stewart



Kama umezaliwa baada ya enzi za sinema nyeusi na nyeupe, huenda jina la James Stewart hulijui. Wamarekani wanalijua. Alifariki mwaka 1997, lakini kila Desemba familia nyingi huko bado huketi pamoja kutazama filamu yake moja, It's a Wonderful Life, ambayo wameshaiona hata mara kumi. Mji wa Indiana, jimbo la Pennsylvania, alikozaliwa, una jumba la makumbusho lenye jina lake, na sanamu yake imesimama mbele ya mahakama. Jiulize, ndugu yangu: watu ambao hawakuwahi kushikana naye mkono wanampendea nini hivyo?

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1908. Baba yake, Alexander, aliuza misumari na nyundo katika duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba yao ilikuwa ya Wapresbiteri wasiokosa ibada. Kijana alisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Princeton, akahitimu mwaka 1932, ila jukwaa likamvuta. Mapema mwaka 1941 alipata tuzo ya Oscar. Baba yake akaichukua akaiweka kwenye dirisha la duka, wateja waione wanapopita. Wazee ni walewale kila mahali!

Wiki chache baada ya tuzo hiyo akaingia jeshini kama askari wa kawaida. Awali jeshi lilikuwa limemkataa kwa sababu ya wembamba, naye akajitahidi kula mpaka uzito ukaongezeka. Alipokuwa rubani, wakubwa walitaka abaki nyumbani kufundisha wengine, maana jina lake lilikuwa na faida kubwa kwao kuliko maisha yake kuhatarishwa. Yeye akang'ang'ania kwenda vitani. Mwishoni mwa mwaka 1943 alipelekwa Uingereza akiongoza kikosi cha ndege za kudondosha mabomu.

Kabla ya kuondoka, baba yake alimpa bahasha. Mzee yule hakuwa hodari wa kusema mapenzi kwa mdomo, kama wanaume wengi wa parokia zetu. Katika barua aliandika kwamba anampenda, na kwamba anamkabidhi kwa Mungu kwa maneno ya Zaburi ya 91, ambayo Kanisa huisali usiku wa Dominika kabla ya kulala. Stewart alikwenda na barua hiyo vitani. Aliruka mara 20 katika mashambulizi, akarudi salama. Baadhi ya vijana aliowaongoza hawakurudi.

Mwaka 1945 alirejea akiwa na miaka 37, nywele zimeanza mvi, na hakuwa na uhakika kama bado anaweza kuigiza. Kuhusu vita hakupenda kusimulia. Aliomba hata filamu zake zisitangazwe kwa kutumia sifa zake za jeshini. Hapo ndipo Frank Capra, mwongozaji mzaliwa wa Sicily aliyelelewa Mkatoliki, alipomletea hadithi ya George Bailey.

George anaendesha chama kidogo cha kuweka na kukopa, kama SACCOS zetu. Alitaka kusafiri dunia nzima, hakwenda popote. Siku moja, mkesha wa Noeli, fedha za chama, dola 8,000, zinapotea mikononi mwa mjomba wake. Anaona jela mbele yake. Anakumbuka ana bima ya maisha, anahesabu, anajiona ana thamani zaidi akiwa maiti. Anakwenda darajani.

Wewe msomaji unayedaiwa, unayelala macho wazi huku mkeo akidhani umelala, hesabu hiyo unaifahamu. Ninawaandikia hasa ninyi. Kabla ya daraja, George anakaa kwenye baa na kumwomba Mungu, akikiri kwamba yeye si mtu wa kusali. Stewart alisimulia baadaye kwamba machozi ya pale hayakuwa kwenye mpango. Aliposema maneno yale aliwahisi watu wote wasio na pa kukimbilia, akalia kweli. Capra hakumrudisha kulia tena. Aliikuza picha ileile maabara ili uso uonekane kwa karibu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo dakika watu wanayompendea. Mwanamume aliyetoka vitani, mwenye cheo na medali, alikubali kuonekana akilia mbele ya Mungu.

(Katekista atauliza kuhusu yule malaika wa filamu, aliyekuwa zamani binadamu anayetafuta mbawa. Hapana, marehemu wetu hawawi malaika. Tumsamehe Capra hilo.)

Filamu ilipotoka mwaka 1946 haikurudisha gharama zake. Ikasahaulika. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa kwa uzembe wa ofisi, vituo vya televisheni vikaanza kuionyesha bure kila Noeli, na watu wakaipenda. Stewart alikuwa amekaribia miaka 70. Katikati ya miaka hiyo alikuwa amemuoa Gloria, mama wa wavulana wawili, akawalea kama wanawe, wakapata na mapacha wa kike. Mmoja wa wavulana, Ronald, aliuawa Vietnam mwaka 1969. Gloria alifariki mwaka 1994, na baada ya hapo mzee alijifungia nyumbani, hakutaka wageni. Tarehe 2 Julai 1997 naye akaondoka, akiwa na miaka 89.

Amezikwa Glendale, California. Jiwe la kaburi ni dogo, na lina jina lake, tarehe mbili, na mstari kutoka Zaburi ya 91, ule wa malaika wanaoagizwa kumlinda mtu njiani.