WILLIAM HERSCHEL: MPIGA MUZIKI ALIYEUFICHUA MWANGA USIOONEKANA

Mwaka huu tulipoingia kidato cha tatu, wenzetu wengi waliiaga fizikia wakidai eti ni somo la vichwa maalum. Ndiyo maana nimeonelea niwasimulie maisha ya William Herschel, mpiga muziki aliyetufungulia njia ya kuyatambua madini kwa mwanga tusiouona.

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1738, mjini Hannover, katika Ujerumani ya leo. Babake alikuwa mwanamuziki wa jeshi, naye kijana akaingia bendi hiyo hiyo. Mwaka wa 1757, vita vilipochacha, alivuka hadi Uingereza. Huko alijilisha kwa muziki, akawa mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath. Chuo kikuu hakukiona. Elimu ya nyota aliisoma vitabuni baada ya kazi. Darubini nazo zilikuwa ghali, basi akajitengenezea mwenyewe, akisugua vioo vya shaba na bati saa nyingi mfululizo huku dadake Caroline akimtilia chakula mdomoni! Tarehe 13 Machi, 1781, akaigundua sayari ya Uranus.

Lakini jambo linalonivutia mimi zaidi lilitokea mwaka wa 1800, akiwa na miaka 61. Alipotazama jua kupitia vioo vya rangi, aliona kwamba vingine vilipitisha joto jingi na mwanga kidogo. Kwa nini? Akautawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kwenye rangi mbalimbali, na vingine kando ili alinganishe. Kutoka zambarau kwenda nyekundu, joto lilizidi. Kisha akakisogeza nje ya nyekundu, mahali palipoonekana patupu. Lo! Hapo joto likashinda kote. Hiyo ndiyo miale ya infraredi.

Sasa mtaniuliza, mawe yaingiaje hapa? Madini mengi hufyonza sehemu fulani ya miale hiyo na kuirudisha iliyobaki. Siku hizi mwanajiolojia hupanda mlima na spektromita ya kubeba, akaielekeza kwenye jiwe na kusoma alama zake. Kaolini, ule udongo mweupe wa kauri, hufyonza karibu na maikromita 2.2. Kaolini hutokea maji yenye asidi yanapoyala madini ya feldispa ndani ya mwamba, joto likiwa si kali sana. Alunaiti nayo huonyesha kwamba palipita maji ya asidi kali ya salfa. Kwa hivyo jiwe hutaja jina lake na pia hali iliyolizaa.

Herschel aliaga dunia tarehe 25 Agosti, 1822, akiwa na miaka 83. Ugunduzi ule ulihitaji prizimu na vipimajoto vichache tu, vitu ambavyo hata sisi wa shule ya kutwa tunavyo kabatini. Basi ndugu zangu wa kidato cha pili, msiikimbie fizikia kabla ya kuijaribu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.