William Hunter: Mwanaanatomia wa Gegedu na Mji wa Mimba

Mkata miwa wa Ramisi, katika Kaunti ya Kwale, anapopiga goti shambani, mifupa yake haisagani kwa sababu ncha zake zimefunikwa kwa gegedu. Gegedu hilo lina historia ndefu kuliko umri wake. Mifupa ya mguu wa kijusi huanza ikiwa gegedu tupu, na hata siku ya kuzaliwa pia ya goti huwa haijawa mfupa. Miongoni mwa walioiwekea misingi elimu hii ni William Hunter.

Hunter alizaliwa tarehe 23 Mei 1718 karibu na East Kilbride, Uskoti. Alisomea Chuo Kikuu cha Glasgow kwa nia ya kuwa kasisi, lakini akageukia utabibu chini ya William Cullen. Baadaye alihamia London. Mwaka 1743 makala yake kuhusu gegedu la viungo ilisomwa mbele ya Royal Society. Alieleza kwamba nyuzi za gegedu husimama wima juu ya mfupa, mithili ya nyuzi za mahameli. Aidha, alibainisha kwamba gegedu likishaharibika halirudii hali yake, jambo ambalo lingali linawatatiza matabibu.

Mwaka 1746 alianza kutoa mihadhara ya anatomia, na mwaka 1762 akamhudumia Malkia Charlotte katika uzazi. Kazi yake kuu, kitabu kuhusu mji wa mimba, ilichapishwa mwaka 1774 ikiwa na picha 34. Michoro ya kale ilikuwa imezoea kukionyesha kijusi kikielea kana kwamba kimo chupani. Hunter alikionyesha kilivyo, kimejikunja, magoti yameelekea tumboni.

Hata hivyo, sifa hiyo ina deni. Picha hizo zilitokana na maiti za wanawake waliofariki wakiwa waja wazito, na majina yao hayamo kitabuni. Enzi hizo maiti halali zilikuwa chache, na nyingi zilifukuliwa makaburini kwa siri.

Hunter hakuoa. Aliaga dunia tarehe 30 Machi 1783, akakiachia Chuo Kikuu cha Glasgow hazina yake, ambayo iliwekwa katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1807.

Wengine waliendeleza utafiti. Mwaka 1889 Young alieleza goti ambalo gegedu lake la upande wa nje lilikuwa na umbo la sahani, badala ya mwezi mwandamo. Wapo waliodhani kuwa hilo ni umbo la kijusi lililobakia, lakini mwaka 1957 Kaplan aliripoti kwamba vijusi alivyovichunguza havikuwa na hatua hiyo.

Leo mama mjamzito wa Ramisi akipimwa kwa mawimbi ya sauti, magoti ya mwanawe huonekana, naye akarejea nyumbani salama. Wanawake wa Hunter hawakurejea. Anayemkumbuka Hunter hana budi kuwakumbuka na wao.