Robert Koch, daktari aliyeitafuta mikrobe ya kolera

Kila mara kolera inaporudi huku Masisi ao Walikale, tunasikia kwamba choo cha wagonjwa kimepelekwa maabara. Kazi hiyo ya kutafuta mikrobe ina deni kubwa kwa Robert Koch, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1843 katika mji wa migodi, Clausthal.

Alianza kuwa daktari wa mji mdogo tu. Maabara hakuwa nayo, akajitengenezea nyumbani, na mwaka 1876 akaonyesha mikrobe inayoleta kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na watu. Wafugaji wa Masisi hapo wananielewa.

Shida ilikuwa mchanganyiko. Ndani ya choo kunaishi mikrobe za kila namna, utajuaje ni ipi inayoua? Koch alizipanda juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa, kila aina ikaota doa lake. Kisha Fanny Hesse, mke wa mwenzake wa kazi, akaleta wazo la agari, aliyokuwa anaitumia jikoni. Mpaka leo maabara zinaitumia. Mwaka 1882 Koch akatangaza mikrobe ya kifua kikuu, na 1884, akiwa Calcutta kule India, ile ya kolera, imepinda kama koma. Mwitalia Pacini alikuwa ameiona tangu 1854, lakini hakusikilizwa.

Jaribio la oksidasi lilikuja Koch akiwa amekwisha kufa, lakini linaanzia kwenye doa lile lile. Fundi wa maabara analipaka juu ya karatasi yenye dawa. Likigeuka zambarau mara moja, inaweza kuwa kolera. Mikrobe ya shigela, inayoleta kuhara damu, haigeuzi rangi. Jaribio hilo peke yake halitoshi, maana ziko mikrobe zingine zinazogeuza, lakini linapunguza njia. Goma, Julai 1994, magonjwa hayo mawili yalifuatana katika kambi za wakimbizi, na karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja. Wa kolera alihitaji maji na chumvi haraka. Shigela ile ilikuwa inashinda dawa nyingi za kawaida.

Koch alipata tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka uliofuata akafika visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale kwa dawa ya Atoxyl, yenye arseniki. Akaongeza kipimo, wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka. Habari hiyo haisimuliwi sana. Yeye alirudi Ujerumani 1907, akafa tarehe 27 Mei 1910.